Soketi ya Pikapu na Pasi ya Bwana Mstari

Siku mliyoniaga kazini mlinipa chupa ya chai, mkanipa kanga, mkanipa na kipaza sauti. Nikaanza kusema. Nilipofika kwenye neno "pasi", MC wenu akacheka, akadhani bibi ameanza kuchanganya mambo. Akanichukulia kipaza sauti kwa adabu zake zote, akatangaza, "Mama yetu amechoka, tumpigie makofi." Mkapiga.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira. Uso wa mzee mwenye hasira na wa mzee aliyechoka mnauona sawa, kwa sababu hamtuangalii vizuri. Basi nimekaa hapa nyumbani Mbuba, kwenye meza ya kulia, naandika nilichokatizwa. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini herufi nazijua zote. Mjukuu wangu Jeni alitaka kunisaidia "kupanga vizuri". Nikamwambia akamenye ndizi.

Vyeo sitavisema. Niliingia dereva, nimetoka dereva.

Kuendesha nilifundishwa na sista mmoja wa misheni, mwembamba kama ufito, mkali kama pilipili mbuzi. Alishafundisha wanaume, na kila mwanaume akipata leseni alimkimbia, akaenda Mwanza kuendesha mabasi. Siku moja akanikuta nabeba kuni, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Akaniuliza, "Mama Deo, mume yuko wapi?" Nikamwambia amekimbia. Akasema, "Vizuri. Wewe huwezi kukimbia. Panda gari." Hivyo ndivyo nilivyokuwa dereva. Alinifundisha kusikiliza injini kabla ya kuangalia saa za dashibodi, na kila nilipokwangua gia alinipiga kofi la goti. Goti hili la kushoto linauma hadi leo, na daktari anasema ni umri.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Ninyi mmezaliwa baadaye, mnaona miti imeota tena mnadhani ilikuwapo. Haikuwapo. Watu walikuja kutoka Burundi na kutoka Rwanda, wakajaza vilima, na vilima vikanyolewa kwa ajili ya kuni. Mihogo yetu iling'olewa. Tulilalamika, ndiyo, na tulikuwa na haki. Lakini Warundi waliobaki pale kambi ya Lukole niliwasikia wakisema lugha ambayo ni kama Kihangaza chetu tu, nikaona tunalalamikia watu wanaomwita mama yao kama tunavyomwita sisi.

Mashirika yakaja na magari. Shirika moja, sitalitaja, lilitaka madereva, nami nikaenda. Siku ya kwanza tulipangwa mstari uani, wanaume watupu na mimi. Mkuu wa usafiri akapita mbele yetu kama anakagua gwaride. Huyu nitamwita Bwana Mstari, kwa sababu suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi ambao ungeweza kukukata kidole. Alitoka mjini, na vumbi letu aliliona kama tusi analotukanwa yeye binafsi. Aliponifikia akauliza, "Huyu mama ni wa jikoni?" Nikasema, "Shikamoo," kwa sauti ya kumfundisha adabu, maana nilikuwa namzidi umri. Hakuelewa. Akasema, "Marahaba," wanaume wakacheka.

Akanipa pikapu ambayo hakuna aliyeitaka. Nyeupe kwa jina tu. Ilikuwa rangi ya tofali. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba. Niliipenda siku ileile.

Kazi yangu ilikuwa kumzungusha nesi Teodora. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba, Kiingereza mbele, marashi mbele, kucha nyekundu, na mikono ambayo nimeona ikirudisha pumzi za watoto ambao bibi zao walishaanza kulia msiba. Tulizunguka vituo vya kambini na vijiji vya jirani. Teodora alikuwa na mashine ya hewa, ile inayochota hewa ya kawaida na kumpa mgonjwa hewa safi kwa mpira wa puani. Mashine nzuri, lakini inataka umeme, na umeme ulikuwa pale palipo na jenereta tu. Ukitoka nje ya uzio ni kama umebeba jiwe.

Ndipo ikaletwa inveta. Hili ni boksi la chuma linalochukua umeme wa betri ya gari na kuufanya umeme wa nyumbani. Lilitoka ng'ambo, matundu yake mawili ya duara, na plagi ya mashine yetu ina meno matatu. Madereva wenzangu wakasema rahisi, kata plagi, chomeka nyaya uchi, zibane na njiti za kiberiti. Teodora akawatazama kama anavyotazama kidonda chenye funza. Akaniambia, "Mama Deo, nipeleke kwa Melkiori."

Melkiori alikuwa mkimbizi, Mrundi, fundi umeme wa magari tangu kwao. Pale Lukole alitengeneza redio chini ya turubai la plastiki. Mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, na mdomo mchafu kwa kazi mbaya. Akafungua boneti yangu, akakuta nyaya zilizofungwa na mwenzetu mmoja, akauliza, "Hizi zilifungwa na mbuzi?"

"Na dereva," nikasema.

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi na ya kwetu. "Mbuzi angekula zile mbaya, angebakiza nzuri."

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hii ndiyo sehemu MC wenu alifikiri ni upuuzi. Inveta aliifunga kwenye bodi la nyuma, imeegemea keni, kile chumba cha dereva, ndani ya sanduku la mbao ngumu lenye matundu ya kupumulia upande usiopigwa na vumbi. Kutoka kwenye betri alivuta waya mnene, unene wa kidole changu, na karibu kabisa na betri akaweka fyuzi. Nikamuuliza kwa nini isikae huku nyuma, nikiitaka niione kwa urahisi. Akasema, "Waya ukikatika njiani ukagusa bodi, unataka moto uzimikie wapi? Kwenye betri au kwenye tanki la mafuta?" Sikuuliza tena. Juu ya sanduku akafunga soketi nyeupe ya ukutani, yenye tundu tatu na swichi, kama ya sebuleni kwa mtu mwenye sebule. Aliikinga na kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kikawa kama kope ya jicho. Chini ya kila skrubu alitia kipande cha kandambili, kwa sababu barabara zetu hufungua skrubu kuliko bisibisi. Mwisho akaniomba rangi ya kucha.

Nikamwambia, "Mimi? Na kucha hizi?"

Teodora akatoa chupa yake nyekundu kwenye mkoba. Melkiori akadondosha tone kwenye kichwa cha kila skrubu. Tone likikauka linashika skrubu isizunguke, na ukiliona limepasuka unajua mtu kagusa.

Akanipa masharti, akayarudia hadi nikamkasirikia. Injini iwe inanguruma kabla ya kuchomeka chochote. Gari likisimama, kanyaga mafuta kidogo, mngurumo mdogo wa sailensa peke yake hautoshi, betri italiwa. Chomeka kwanza, halafu ndiyo uwashe swichi. Asubuhi jaribu kwa balbu, ikififia rudi kwake. Na la mwisho: chenye kutoa mwanga, sawa. Chenye kuzungusha mota ndogo, sawa. Chenye kutoa joto, hapana. Pasi, birika, jiko, hapana, hapana, hapana. Joto linataka umeme mwingi kuliko waya ule unavyoweza kubeba.

Tangu siku ile pikapu yangu ikawa zahanati. Tulimpa hewa mtoto mmoja kijijini Kirushya, chini ya migomba, mama yake akishika mpira na mimi nikikanyaga mafuta. Wazee walikuja kuangalia soketi kama wanaangalia ndama mwenye vichwa viwili. Mmoja akaniuliza, "Sasa nyumba iko wapi?" Nikamwambia nyumba ni mimi.

Bwana Mstari naye aliiona. Aliiona vizuri.

Ikatangazwa wageni wakubwa wanakuja kutembelea kambi. Uani pakafagiliwa, mawe yakapakwa chokaa, kana kwamba mkimbizi anaponywa na jiwe jeupe. Jumapili jenereta la uani likagoma. Mimi nilikuwa kanisani. Bwana Mstari akamwita dereva wake, akamwambia alete pikapu yangu, alete ekstensheni, alete pasi. Akanyoosha suruali yake na mashati yake, halafu, kwa ukarimu, fulana za wafanyakazi wote, ili wageni watuone tumenyooka. Fyuzi ikakata, maana ndiyo kazi yake. Dereva wake akafanya kile ambacho madereva wetu wote walikuwa wakikifanya na mkikiona leo mtapiga kelele: akachukua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaviringisha fyuzi, akarudisha. Fyuzi iliyoviringishwa hivyo haikati tena. Inaacha moto upite. Wakaendelea kupiga pasi hadi harufu ikawafukuza.

Jumatatu asubuhi nilifunua ile kope ya mpira. Soketi ilikuwa kahawia kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Pale waya mnene unapoingia kwenye inveta, kishikizo kilikuwa kimeyeyuka na kulegea. Matone mekundu ya Teodora yalikuwa mapovu meusi. Nikamfuata Bwana Mstari, amesimama kwenye mawe yake meupe, kanyooka.

"Nani kachomeka pasi kwenye gari langu?"

"Gari la shirika, mama. Na punguza sauti, wageni wako njiani."

"Mashine ya hewa itachomekwa wapi?"

"Leo hakuna safari za vijijini. Leo ni wageni."

Ugonjwa haukuambiwa kwamba kuna wageni. Kabla jua halijafika utosini, wanaume wa Mbuba waliingia kambini mbio na ile machela ya kusuka ya kwetu, ingobyi, mabegani. Juu yake amekaa mwanamke, jina lake Leokadia, jirani yangu, kapakata binti yake Epifania. Ilikuwa majira ya kuanika maharage. Mtoto alikuwa anacheza kwenye mkeka wa maharage, akatia moja mdomoni, akacheka, likapita njia ya hewa. Midomo ilikuwa ya bluu. Kila pumzi ilipiga filimbi.

Teodora akamweka kwenye mashine, kwenye jenereta la zahanati, midomo ikarudi rangi kidogo. Akasema haragwe lile linatolewa na daktari wa upasuaji tu, hospitali ya misheni, na bila hewa njia nzima hafiki. Akanigeukia. "Soketi?"

Nikamwambia.

Nimeendesha gari miaka mingi nikiwa na nesi pembeni, na sijawahi kusikia Mhaya akitukana kwa Kihaya kama siku ile.

Nikamfuata Melkiori. Siku ya wageni wakimbizi walikatazwa kusogelea karakana, kwa hiyo nilimkuta amekaa mlangoni kwake, mikono mitupu. Alikuja anakimbia. Alifungua sanduku, akanusa, hakusema neno kuhusu mbuzi. Akaivuta ile karatasi ya sigara, akatia fyuzi nzima aliyokuwa nayo mfukoni. Nyaya za mashine akaziunga moja kwa moja, akazifunga tepu, soketi akaiacha kando kama jino bovu. Ila ule waya mnene kwenye inveta haukuwa na pa kushikwa. Akaubana na koleo, inveta ikalia, mashine ikapumua. Akaachia, ikazima. Akabana, ikapumua.

"Barabarani utachomoka," nikasema.

"Hautachomoka. Nitashika."

"Melkiori, wewe huruhusiwi kutoka kambini."

"Mama Deo," akasema, "endesha."

Basi niliendesha. Nyuma, Teodora na mpira wa puani, Leokadia na mwanawe, Melkiori amepiga magoti kwenye sanduku, koleo mkononi, kitambaa kimeviringishwa kwenye koleo kwa sababu waya ulioungwa vibaya hupata moto. Kwenye mashimo nilipunguza mwendo, kwenye vilima nikasikia mota ya mashine ikiimba, na kila ilipokatika kidogo nilisikia pia Leokadia akipiga ukelele, kisha sauti ndogo ya Melkiori, "Komera, mama, komera," jikaze, na mashine ikaimba tena.

Tukafika kizuizini. Mnajua sheria ya vizuizi vya enzi zile: gari linasimama, injini inazimwa, dereva anashuka. Kulikuwa na ujambazi mwingi porini, askari hawakuwa wanatania.

"Zima gari," akasema askari, kijana, jasho limemtoka.

"Sizimi."

"Mama, nimesema zima gari!"

"Afande, mashine ya hewa inakula umeme wa injini hii. Nikizima, kuna mtoto nyuma anakufa. Nenda ukamwangalie, halafu urudi uniambie tena nizime."

Akaenda. Nilikanyaga mafuta, nikimwangalia kwenye kioo. Alifunua turubai la bodi la nyuma. Alimwona mtoto. Halafu akamwona Melkiori.

"Huyu ni nani?"

"Msaidizi wangu," akasema Teodora.

"Wa wapi? Sema wewe."

Melkiori angefungua mdomo, Kiswahili chake kingemtaja. Akaufungua. "Mimi ni mkimbizi, afande. Wa Lukole. Sina kibali. Nikamate, lakini nikamate nikiwa nimeshika."

Yule kijana akarudi kwenye kizuizi. Kisha akainua kamba ya kizuizi, akaruka nyuma ya pikapu yangu, akaketi mbele ya Melkiori, bunduki magotini. Akagonga keni. "Twende!"

Hivyo ndivyo tulivyoingia hospitali ya misheni: mfungwa ameshika koleo, askari amemshika mfungwa bega ili asiyumbe kwenye kona. Wahudumu wakamchukua mtoto pamoja na mtungi wao wa hewa. Teodora akapiga kelele, "Tayari! Zima!" Nikazima. Askari akasema, "Sasa achia." Melkiori hakuachia. Alitaka, lakini vidole havikufunguka. Kitambaa kilikuwa kimeungua na kushikana na kiganja. Askari mwenyewe ndiye aliyemfungua kidole kimoja kimoja, polepole, anasema pole, pole sana, mzee. Halafu akampeleka rumande. Kazi yake ilikuwa hiyo.

Haragwe lilitolewa. Epifania yuko hai, anauza maharage soko la hapa Mbuba, Mungu ana mizaha yake.

Na Bwana Mstari? Aliwaambia wakubwa kwamba mkimbizi asiye na ruhusa alifunga umeme wa hatari kwenye gari la shirika, ukaungua. Nilisimama mbele ya wote nikasema, "Uliungua kwa pasi, na pasi ni yako, na mstari wake uko kwenye suruali uliyovaa." Teodora akasimama na mimi, akasema yaleyale kwa Kiingereza, lisije likapotea neno. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nikahamishiwa gari la maji. Melkiori akatolewa rumande mkono umefungwa bendeji, akapelekwa kambi nyingine, mkoa mwingine, na sikumwona tena. Niliuliza kwa kila dereva aliyekwenda huko, na kila dereva alirudi akitikisa kichwa. Soketi ikang'olewa kwa mtaimbo, ikatupwa kwenye vumbi. Bwana Mstari akaondoka na kuagwa kwa sherehe. Naye alipewa kipaza sauti. Hakuna aliyemnyang'anya.

Epifania akiniona sokoni husema, "Shikamoo, bibi." Nami kabla ya marahaba humuuliza, "Nani alikushikia?" Hujibu, "Melkiori, bibi," huku akipima kilo za mteja, amechoka na swali langu. Achoke. Nitamuuliza hadi siku ya kunizika.

Sasa nawageukia ninyi. Ile ambulansi mpya mliyopewa imekuja na soketi yake kutoka kiwandani, imefungwa vizuri, hakuna haja ya kandambili wala rangi ya kucha. Wiki yangu ya mwisho kazini nilifungua mlango wa nyuma nikakuta birika la umeme limechomekwa, chai inachemka, na mashine ya hewa imesukumwa pembeni imefunikwa na koti la mtu. Dereva akaniambia, "Karibu chai, bibi, hii ni gari ya kisasa, haina shida." Alikuwa mtu mzuri. Hata dereva wa Bwana Mstari alikuwa mtu mzuri. Ndiyo maana nilishika kipaza sauti nikaanza na neno pasi.

Soketi ya Melkiori ninayo. Niliiokota siku ileile, nimeitunza kwenye kabati la vyombo, kahawia vilevile. Jumatatu naileta. Mtaipigilia ndani ya ambulansi, juu ya hiyo mpya, mahali ambapo mkono unaotaka kuchomeka kitu lazima uipite. Misumari nakuja nayo.

Na mkinikaribisha chai, nitauliza kwanza imechemshiwa wapi. Kama ni humo garini, nitaimwaga mbele yenu, kwenye viatu.